Je wajua kwa nini mcheza gofu Cameron Smith alitoka namba 2 duniani mpaka nje ya 100 bora?

Mwezi wa 7 mwaka 2022 Cameron Smith, yule jamaa wa Brisbane kule Australia mwenye nywele fupi mbele ndefu nyuma, alibeba British Open pale St Andrews, Scotland, yakiwa ni mashindano ya 150 tangu yaanze, na akapanda mpaka namba 2 kwa ubora duniani. Kufika 2025 alikuwa hata kwenye 100 bora hayumo. Kila meja ikifika, yaani yale mashindano makubwa manne ya mwaka, watu wanauliza swali lilelile, jamaa kaishiwa kipaji au ile pesa aliyolipwa na Wasaudi kuhamia ligi yao ndo imemmaliza?

Mi nadhani hapo watu wanachanganya vitu viwili ambavyo havikushuka pamoja. Kuna namba ya mtu kwenye listi ya dunia, na kuna fomu yake akiwa uwanjani. Kwa Smith namba ilianza kudondoka wakati bado anapiga gofu safi kabisa, fomu ikaja kuanguka baadae sana na kwa sababu zake nyingine.

Kwanza huo mwaka wa 2022 tuuelewe maana ulikuwa wa kutisha. Januari kashinda kule Hawaii kwa mikwaju 34 chini ya kiwango cha uwanja, rekodi ya PGA Tour, ligi kuu ya gofu ya Marekani, wakati huo. Mwezi wa 3 kashinda Players Championship, kaondoka na dola milioni 3.6. Halafu ndo St Andrews. Jumapili anaanza raundi ya mwisho akiwa nyuma ya Rory McIlroy kwa mikwaju minne, na Rory siku hiyo hakuharibu kitu, mpira wake ulifika kwenye kijani, yaani yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kwa mikwaju inayotakiwa kwenye mashimo yote 18, shida ni kwamba kila shimo alihitaji mikwaju miwili kuuzamisha, jumla 36. Smith yeye alifunga birdie tano mfululizo, yaani kila shimo mkwaju mmoja chini ya kiwango, kuanzia shimo la 10 hadi la 14, mashimo tisa ya mwisho akayamaliza kwa mikwaju 30, raundi nzima 64.

Ila ukitaka kumjua Smith ni mchezaji wa aina gani angalia shimo la 17, lile linaitwa Road Hole, ambalo limeshawaliza wengi. Mpira wake wa pili uliishia upande wa kushoto mbele ya kijani, na katikati yake na bendera kuna shimo la mchanga ambalo ukiingia humo basi ubingwa umeuaga. Wengi wangejaribu kuurusha juu ya mchanga. Yeye akachukua fimbo ya kusukumia, ile ya kwenye kijani, akauviringisha mpira pembeni ya mchanga ukapanda kile kilima, ukasimama kama futi kumi kutoka kwenye shimo, kisha akauzamisha bila wasiwasi. Akashinda kwa mkwaju mmoja mbele ya Cameron Young. Huyo ndo Smith, siku zote mikono yake karibu na shimo ilikuwa inamuokoa pale fimbo kubwa ya kuanzia inapompeleka vichakani. Hili la fimbo kubwa lishike, tutalirudia.

Sasa wakati ananyanyua lile jagi tetesi zilishazagaa kwamba anaenda LIV, ligi iliyokuwa mpya wakati huo, iliyolipiwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Tarehe 30 Agosti ikathibitishwa. Dau rasmi halikutangazwa ila vyombo vya habari viliandika ni zaidi ya dola milioni 100, na yeye mwenyewe alikiri wazi kwamba pesa ilichangia. Alitaja pia kitu kingine ambacho mi nakiamini kabisa, alitaka kukaa nyumbani Australia muda mrefu zaidi. PGA Tour inachezwa karibu yote Marekani, kule Australia haina shindano lake la kila mwaka, mtu anaishi Florida miezi na miezi, marafiki wanaoa yeye hayupo. LIV ilikuwa na mashindano kama 14 tu kwa mwaka, na mwaka uliofuata mojawapo likaenda Adelaide. Kwa mtu wa Queensland ofa kama hiyo ni ngumu kuikataa, na waliomtukana wakati ule naona hawakumtendea haki.

Sasa tuje kwenye listi. Ile listi ya dunia inahesabiwa hivi: kila mashindano yanayotambulika yanatoa pointi, pointi zako zinabaki na thamani kamili kwa wiki 13, baada ya hapo zinapungua wiki hadi wiki mpaka miaka miwili ikitimia zinafutika kabisa. Jumla unayobaki nayo inagawanywa kwa idadi ya mashindano uliyocheza, lakini kigawanyo hakishuki chini ya 40, yaani hata kama umecheza 20 tu yenye pointi wewe unagawanyiwa kwa 40. Hapo ndo Smith alipobanwa. LIV iliomba kutambuliwa 2022 ikakataliwa Oktoba 2023, wenye listi wakisema ligi imejifungia sana, hakuna njia ya kutosha ya watu kupanda na kushuka, halafu mambo ya timu yamechanganyika na ya mtu binafsi, Machi 2024 LIV wakaondoa maombi. Kwaiyo jamaa anashinda LIV Chicago 2022 anapata sifuri, anashinda London na Bedminster 2023 anapata sifuri tena, huku pointi za St Andrews zinayeyuka kila Jumatatu. Ni kama straika anayetupia mabao kwenye ligi ambayo hakuna anayeandika takwimu zake.

Na kweli miaka hiyo alikuwa moto. Kwenye meja, US Open 2023 kamaliza wa 4, Masters 2024 kamaliza nafasi ya 6 kwa kufungana. Mtu aliyekuwa anasoma listi tu alidhani jamaa kafa zamani.

Haya mambo hata huku kwetu yaligusa. Justin Harding wa Afrika Kusini alishinda Kenya Open pale Karen, Nairobi, Machi 2021. Mwaka uliofuata akacheza shindano la kwanza kabisa la LIV karibu na London, ligi ya Ulaya, ambayo ndo yenye Kenya Open, ikawapiga faini ya pauni laki moja yeye na wenzake na kuwafungia baadhi ya mashindano. Yeye na Ian Poulter na Adrian Otaegui wakakata rufaa wakaruhusiwa kucheza kwa muda, mpaka Aprili 2023 wasuluhishi walipoamua ligi ya Ulaya ina haki. Mchezaji wa daraja la Harding hapati zile mamilioni za Smith ila naye adhabu ilimkuta, na hilo linaniuma zaidi kuliko habari za mastaa.

Turudi kwa Smith, maana 2025 hakuna tena pa kusingizia listi. Masters, PGA Championship, US Open, British Open, meja zote nne kashindwa kupita mchujo wa Ijumaa, ule unaowarudisha nyumbani walioboronga raundi mbili za kwanza. Bingwa wa meja akiwa na miaka 31 hapiti hata moja, hiyo ni fomu imeanguka, tuseme ukweli.

Je ni LIV? Wengi wanasema zile raundi tatu bila mchujo, zilizokuwepo LIV mpaka 2025, zilimfanya mtu alale, ukiboronga wa mwisho kabisa bado ulilamba hela, mwanzoni ilikuwa kama dola 120,000. Hoja ina uzito, ila Brooks Koepka alishinda PGA 2023 akiwa LIV, Bryson DeChambeau kachukua US Open 2024 akiwa LIV. Mi shida naiona kwenye ile fimbo kubwa. Viwanja kama Oakmont kule Marekani, palipochezwa US Open 2025, nyasi za pembeni ni ndefu na nzito, ukitoka nje ya njia huna ujanja, na mchezaji anayeishi kwa kusukumia mpira shimoni anahitaji mipira inayoingia kila wiki. Desemba 2025 kwenye Australian Open pale Royal Melbourne alikuwa amerudi kwelikweli, kafika shimo la mwisho akipigania ubingwa, halafu akashindwa kuuzamisha mpira uliokuwa karibu na shimo na kombe likaenda kwa Rasmus Neergaard-Petersen wa Denmark kwa mkwaju mmoja. Karibu na shimo, palepale palipompa St Andrews.

Januari 2026 PGA Tour ilifungua mlango kwa walioshinda meja au Players kati ya 2022 na 2025. Koepka akarudi, akakubali kutoa dola milioni 5 kwa hisani na kukosa mgao wa hisa za wachezaji kwa miaka mitano. Smith alikuwa na sifa za kurudi, akabaki LIV. Mwezi uliofuata listi ya dunia ikaanza kuipa LIV pointi, lakini kwa kumi bora tu wa kila shindano. Nafasi yake ya moja kwa moja kwenye Masters, PGA na US Open aliyoipata kwa ule ubingwa inaisha 2027, kwaiyo kwa sheria hiyo ya 2026 kila akimaliza wa 11 kule LIV anaondoka na hela ila pointi hakuna.