Cheni ya taimingi huchakaa kabla ya kukatika

Waendesha bodaboda wengi huamini kwamba cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemshafti (shafti inayofungua valvu) ndani ya injini, haiguswi mpaka ikatike: ni chuma, tena inaoga oili muda wote. Wazo hilo linaeleweka. Cheni ya nje huliwa na vumbi mbele ya macho yako, ya ndani huioni.

Lakini nayo huchakaa. Pini na matundu yake hulika kidogo kidogo, na kila kiungo kikilegea kwa unywele, cheni nzima hurefuka. Tenshena, kifaa kinachoikaza cheni, huuficha urefu huo hadi ifike mwisho wake. Hapo ndipo injini huanza kukwaruza na kugongagonga. Cheni ikiruka meno, valvu zinaweza kugonga pistoni.

Unaweza kujionea. Injini ikiwa baridi, toa plagi, zungusha magneti kwa spana mpaka alama ya T (pistoni ikiwa juu kabisa) ikae sawa na alama ya bodi ya injini. Tazama sproketi ya kemshafti: alama yake ilingane na ile ya hedi (kichwa cha injini). Usipoiona, ongeza mzunguko mmoja, kwani kemshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Alama ya sproketi ikibaki nyuma kidogo ilhali ilifungwa sawa, cheni imerefuka. Kisha toa tenshena. Kijiti chake cha kusukuma kikiwa kimetoka karibu chote, badilisha cheni na uangalie raba zinazoiongoza. Tafadhali, tenshena ikiwa nje usizungushe injini.

Pikipiki za injini ya CG yenye pushrodi (vijiti vinavyosukuma valvu) hazina cheni hii. Mlio wake utafutwe kwingine, kwa mfano kwenye nafasi ya valvu.