Kata kiwiliwili, usikate mnyiri: haidra anavyojiunda upya

Chukua haidra, mnyama mdogo sana wa maji yasiyo na chumvi, umkate katikati, umweke kwenye maji ya nyuzijoto 18 hadi 20, na baada ya siku 2 au 3 nusu ya chini itakuwa na kichwa chenye minyiri (mikono myembamba ya kunasia chakula), nusu ya juu itakuwa na kitako cha kujishikizia. Kata mnyiri mmoja uuweke kwenye maji yaleyale: utakufa tu. Kwa nini?

Haidra ni mrija wa milimita chache wenye tabaka 2 za seli na jeli nyembamba katikati. Seli za kiwiliwili hugawanyika bila kukoma, kila baada ya siku 3 au 4 hivi, na miongoni mwake zimo seli shina zinazozaa neva, tezi na seli za kuchoma. Seli mpya husukuma za zamani kuelekea juu na chini. Zikishaingia kwenye mnyiri huacha kabisa kugawanyika, hubeba vifuko vya sumu, na mwishowe hudondoka nchani. Mnyiri, basi, hauna tena seli ya kuanzia mwili.

Kabla ya kukata, usimlishe kwa saa 24. Aliyeshiba hutapakaza chakula kwenye jeraha na bakteria hufuata. Chagua asiye na chipukizi, yaani haidra mchanga anayeota ubavuni, maana chipukizi huja na kichwa chake na kukuvurugia matokeo. Maji ya bomba yenye klorini hayafai, na shaba hata kidogo humuua. Maji yaliyokenekwa nayo hayatoshi, kwa kuwa haidra hawezi kuishi bila kalsiamu. Kwa lita 1 ya maji hayo mimi hutia miligramu 147 za kalsiamu kloridi (ile yenye molekuli 2 za maji), miligramu 84 za sodiamu baikaboneti, 20 za magnesi kloridi ya fuwele na 7.5 za potasiamu kloridi.

Ukimgusa hujikunja kuwa kidonge. Subiri. Akishajinyoosha, shusha wembe mpya kwa mkandamizo mmoja, usikereze. Ukimkata akiwa amejikunja hutajua umepita wapi.

Jeraha hujifunga ndani ya saa chache, na pete iliyokatwa kiwiliwilini hugeuka mpira mdogo wenye uwazi ndani. Itazame kwenye hadubini baada ya siku moja na nusu hivi: vinundu vya minyiri vinachomoza, na daima upande uliokuwa juu ndio unaotoa kichwa. Hapa hakuna ukuaji wa kusubiri seli mpya. Zilizopo hubadilishana kazi, ndiyo maana anayetokea ni haidra kamili lakini mdogo.

Kichwa ndicho kinachoongoza mpangilio huo. Mwaka 1909 mwanabiolojia Ethel Browne alipandikiza kipande cha tishu ya mdomoni ubavuni mwa haidra mwingine, na mwili wa mwenyeji ukatoa haidra wa pili. Kwangu hilo ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote katika biolojia.

Minyiri ikirefuka, mpe artemia (vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi) wachanga waliosuuzwa chumvi, kisha badilisha maji saa chache baadaye. Mabaki yakioza, minyiri hufupika na ncha zake kuvimba kama rungu. Ukiona hivyo acha kulisha, badilisha maji mara 2 kwa siku, na usikate tena mpaka ajinyooshe sawasawa.