Singh si lazima awe Kalasinga: mfano wa maraja wa Chamba

Juzi niko kwa kinyozi, TV inaonyesha mambo ya India, ikatokea picha ya zamani ya raja mmoja, yaani mfalme wa Kihindi, kilemba kikubwa, ndevu, lulu shingoni, chini pameandikwa raja wa Chamba na jina linaloishia na Singh. Jamaa aliyekuwa ananyolewa bila hata kugeuza kichwa akasema "Kalasinga huyo." Kinyozi akaitikia. Mimi nikanyamaza, zamu yangu ndiyo ilikuwa inafuata na mtu mwenye wembe habishani naye mtu, lakini hii ya kwamba kila Singh ni Kalasinga, yaani mtu wa dini ya Sikh, nimeshaisikia mara nyingi mno, acha niiandike nipumue.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Singh ni simba. Linatoka kwenye Kisanskriti, simha, ndilo hilohilo lililo ndani ya Singapore, mji wa simba. Lilikuwa jina la sifa la wapiganaji na watawala, na waliolishika sana ni Warajput, ambao nao jina lao ni rajaputra, yaani mwana wa mfalme, zile koo za kijeshi za kaskazini na magharibi ya India, wengi wao Wahindu. Basi, maana imeisha.

Na kabla hujaniambia ahaa, kumbe simba wetu katoka Uhindini, hapana. Simba wetu ni Mbantu kabisa, Washona wanasema shumba, Wazulu wanaye insimba ingawa kwao ni kanu, kale kamnyama kadogo kama paka, na siyo mfalme wa mwituni. Simha na simba wamefanana sauti tu, kama watu wawili wanavyofanana sura stendi bila kuwa ndugu. Hii nayo inanikera lakini siyo ya leo.

Sasa Kalasinga. Hilo neno ni letu wenyewe wa huku, India ukimwita mtu Kalasinga atakushangaa. Inasimuliwa kwamba kulikuwa na mfanyabiashara Kenya mwishoni mwa karne ya 19 aliyeitwa Kala Singh, watu wakachukua jina lake wakawapa wenzake wote wa dini ya Sikh, ndiyo mpaka leo Kalasinga, na wengine wanasema Singasinga. Kwa hiyo neno lenyewe lilizaliwa kwa kudhani kila mwenye kilemba ni Kala Singh. Hapo hakuna ubaya, lugha ndivyo zinavyokua, shida inaanza pale tunapoligeuza kinyumenyume, ati kwa kuwa Kalasinga ni Singh basi kila Singh ni Kalasinga. Mbona Musa tunaye msikitini na tunaye kanisani na hatuchanganyikiwi?

Sasa turudi Chamba kwa yule mzee wa kwenye TV. Chamba ni mji mdogo milimani, uko juu ya mto Ravi, leo uko ndani ya jimbo la Himachal Pradesh. Zamani ulikuwa makao ya kaufalme kadogo ka Warajput kalikodumu zaidi ya miaka elfu moja, na mwanzoni makao yalikuwa juu zaidi, Brahmaur, huko ambako mpaka leo kuna masanamu ya shaba nyeupe ya mwaka 700 hivi, yameandikwa jina la mfalme Meru Varman na jina la fundi aliyeyatengeneza, Gugga. Fundi kuandikwa pamoja na mfalme, hebu fikiria. Baadaye kwenye mwaka 920 hivi Sahila Varman akashusha makao hapo chini kwenye uwanda wa mtoni na mji ukaitwa kwa jina la binti yake Champavati. Ndiyo huyuhuyu ambaye wanasimulia mkewe alikubali kuzikwa hai ili maji yatiririke kwenye mfereji mpya maana yaligoma, na mpaka leo kila mwaka wanawake na watoto wanapanda kwenye kijihekalu chake kumwimbia.

Umeona lakini? Meru Varman. Sahila Varman. Singh iko wapi? Haipo. Varman maana yake ni deraa, vazi la vita la kukinga mwili, na wafalme wa Chamba walijiita hivyo karne na karne. Na milima ile kila nyumba ya kifalme ilikuwa na mkia wake wa jina. Kangra walikuwa Chand, yaani mwezi, Mandi na Suket walikuwa Sen, Basohli walikuwa Pal. Ukisikia mkia tu unajua huyu katoka bonde gani.

Uzuri wa Chamba ni kwamba walikuwa na tabia ya kuandika kwenye mabamba ya shaba. Raja akimpa Brahmani, mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, shamba, inachongwa kwenye bamba, jina la raja, mipaka ya shamba, laana kwa atakayelinyang'anya, na mabamba hayo yamebaki mengi sana. Kuna raja mmoja, Balabhadra, aligawa ardhi mpaka watu wake wakaona nchi inaisha wakamwondoa madarakani na kumweka mwanawe. Sasa ukifuata majina, unaona Ganesa Varman, alafu mwanawe aliyetawala kuanzia 1559 mpaka 1586 anaitwa Pratap Singh Varman. Yote mawili! Kama mtu aliyenunua koti jipya akalivaa juu ya lile la zamani. Huo ni wakati wa Akbar, mfalme mkuu wa Kimughal aliyetawala sehemu kubwa ya India, wakati ambao Warajput wakubwa wa tambarare waliokuwa kwenye jeshi lake, mfano Man Singh wa Amber, walikuwa wanatamba na jina hilo. Kufika Prithvi Singh aliyeshika kiti 1641, Singh ndiyo imeshakaa na Varman inayeyuka, na kutoka hapo ni Singh mtupu mpaka wa mwisho.

Sasa shika tarehe, maana ndipo ninapotaka ufike. Guru Gobind, kiongozi wa Masikh, aliunda Khalsa, yaani udugu wa Masikh waliokula kiapo, mwaka 1699, pale Anandpur, ndipo wanaume walioingia wakapewa Singh na wanawake Kaur, na yeye mwenyewe ambaye alikuwa Gobind Rai akawa Gobind Singh. 1699! Pratap Singh Varman alikuwa kashakufa zaidi ya miaka 110. Chatar Singh wa Chamba, yule ambaye Aurangzeb, mfalme mwingine wa Kimughal, alimwagiza avunje mahekalu mwaka 1678 na yeye badala ya kuvunja akayapachika vilele vilivyopakwa dhahabu, naye keshaondoka. Hawa watu hawakuchukua jina kwa Masikh. Masikh ndio walichukua jina ambalo tayari lilikuwa la mabwana.

Na walilichukua kwa makusudi ya kuligeuza, hii ndiyo tofauti ambayo watu wanaikanyaga kila siku. Kwa Mrajput Singh ilikuwa inakwambia mimi nina ukoo, babu zangu walibeba upanga, usinikalie karibu sana. Kwenye Khalsa ilikuwa inakwambia ukoo weka nje pamoja na viatu, kinyozi, mbeba maji na mwenye shamba wote ni Singh sasa. Neno moja, kazi mbili zinazopingana. Na siyo kwamba walikuwa marafiki hata, hiyo Anandpur imekaa palepale kwenye milima ya Warajput, jirani na raja wa Bilaspur, na maraja wa milimani walishapigana na Guru kule Bhangani mwaka 1688.

Alafu historia ikaleta kichekesho. Mwanzoni mwa karne ya 19 raja wa Chamba aliyeitwa Charhat Singh akawa analipa kodi Lahore kwa Maharaja Ranjit Singh, ambaye huyu kweli ni Sikh. Singh Mhindu anamlipa Singh Sikh. (Na ndiyo, Chamba ni raja, maharaja, yaani raja mkuu, ni yule wa Lahore, usipandishe watu vyeo.) Mwaka 1846 Waingereza wakamuuzia milima Gulab Singh wa Jammu, Mhindu, Mrajput, na mpaka wa mauzo ukawa mto Ravi ambao unapita katikati ya Chamba, kwa hiyo kaufalme kalitaka kukatwa vipande viwili kama chapati. Chamba wakabembeleza, wakabaki wazima, chini ya Waingereza, kwa kodi ya rupia 12,000 kwa mwaka, na baadaye wakapunguziwa kidogo kwa kuachia kilima ambacho Wazungu walijenga mji wa kupunga upepo wakauita Dalhousie. Wa mwisho kukalia kiti ni Lakshman Singh, ufalme ukaingizwa Himachal Pradesh mwezi Aprili 1948.

Kilemba nacho kisikudanganye, kaskazini ya India kwenye zile picha za zamani kila mwanaume wa heshima amefunga kilemba, Mhindu, Mwislamu, Sikh, wote.

Kwa hiyo jamaa wa kinyozi, kama unasoma, sina ugomvi na wewe. Yule mzee wa kwenye TV alikuwa Mrajput, raja wa milimani, na hekalu la ukoo wake ni Lakshmi Narayan, pale pembeni ya ikulu. Muite raja wa Chamba, au Mrajput, hata ukisema Mhindi tu nitakuelewa. Kalasinga waachie wenyewe.