Mbegu za farasi bingwa haziuzwi kwenye chupa

Wengi hudhani farasi bingwa akistaafu, mbegu zake hugandishwa na kuuzwa kama za ng'ombe wa maziwa. Kwa farasi wa mbio aina ya Thoroughbred, hilo ni marufuku. Mtoto aliyepatikana kwa uhimilishaji, yaani jike kuwekewa mbegu kwa mrija, hasajiliwi, na asiyesajiliwa hakimbii mbio zao. Dume lazima apande mwenyewe.

Kwa hiyo jike husafirishwa hadi kwa dume. Kwanza huletewa dume mwingine wa bei ya chini, kazi yake ni kumnusanusa tu ili ijulikane kama yuko kwenye joto. Akiwa tayari, maskini yule huondolewa, bwana mkubwa anaingia. Msimu wa kupandisha wa kaskazini mwa dunia ukiisha katikati ya mwaka, baadhi ya madume hupandishwa ndege kwenda Australia, ambako msimu huanza Septemba.

Ada ya kupandisha nayo mara nyingi hulipwa mtoto akizaliwa, akasimama na kunyonya. Na ubingwa hauhakikishi uzazi: farasi Cigar wa Marekani, aliyeshinda mbio 16 mfululizo, alistaafu 1996 akagundulika kuwa tasa.