Maji na Kivuli: Ninavyopanga Matembezi ya Dar

Kila nikitangaza matembezi ya Jumamosi, swali moja halikosi: Dar es Salaam kuna bustani gani za kumtembeza mtu? Mara nyingi anayeuliza amewahi kufika Nairobi, akaona msitu wa Karura na bustani ya Uhuru Park, kisha akarudi nyumbani akatazama mji wake akaona magari, vumbi na maghorofa. Namwelewa. Mimi mwenyewe, kabla ya kuanza kuongoza watu kwa miguu na kwa baiskeli, nilikuwa kwenye kazi ya mipango miji, nikishinda na ramani ambazo maeneo ya wazi yamepakwa rangi ya kijani. Siku moja nilichukua ramani nikaenda kutafuta kiwanja cha watoto kilichochorwa katika mtaa mmoja. Nilikuta ukuta, geti, na mlinzi aliyeniuliza nina miadi na nani. Nilirudi kimya, nikiwa nimeumia kweli.

Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza ramani inasema nini, nikaanza kuuliza kwa nini sehemu fulani bado iko wazi wakati jirani yake imeshajengwa. Jibu nililolipata ndilo linalobeba matembezi yangu yote. Uwazi mwingi uliobaki Dar haukubaki kwa sababu kuna mtu aliulinda. Sehemu nyingine ziliachwa na watawala waliotaka kuwatenga watu kwa rangi zao, na nyingine zimelindwa na maji, kwa kuwa kila aliyejenga pale mafuriko yalimfuata.

Njia ya kwanza ni ya miguu, na inaanzia Bustani ya Mimea. Tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wasiozidi kumi, maana wakizidi hapo inabidi nipige kelele, na mwongozaji anayepiga kelele barabarani anawachosha anaowaongoza na wapita njia pia. Wajerumani waliianzisha bustani hii mwaka 1893 kama shamba la majaribio. Mazao na miti kutoka nchi za mbali ilipandwa hapa kwanza, ikaangaliwa kama itaikubali ardhi ya pwani, ndipo ipelekwe mashambani. Tangu hapo eneo limemegwa mara nyingi, na kilichobaki ni kidogo kuliko kilichokuwepo. Nawaonyesha mnazi wa Shelisheli, ule wenye nazi kubwa iliyogawanyika mithili ya nyonga za binadamu, kisha nawaomba wakae chini ya miti dakika tano bila kuongea. Halafu tunatoka kwenye lami, na hapo kila mmoja anaelewa mwenyewe joto la mji linatoka wapi.

Barabara ya Samora ndiyo darasa langu la kivuli. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, na majina yote mawili yalibeba miti iliyokuwa kando yake. Ikaja kuwa Independence Avenue, na leo ni Samora. Jina la mti lilipoondoka, na miti yenyewe nayo ilipungua. Ukitaka kutembea hapa bila kuungua inabidi ujue jua linapita wapi. Mji wetu uko karibu digrii saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Majengo ya kaskazini mwa barabara hutupa kivuli kwenye njia ya miguu iliyo chini yake, nasi tunatembea upande huo. Ikifika Disemba jua limehamia kusini, kivuli kimevuka barabara, na sisi tunavuka nacho. Kuna watu waliofanya kazi Posta miaka ishirini ambao hawajawahi kuliwaza jambo hili, ingawa miguu yao ilikuwa ikilifuata kila siku.

Tukikata kidogo kuelekea mitaa ya Uhindini, Jamhuri na Indira Gandhi, nawaomba watazame juu. Majengo ya zamani yana roshani zinazotokeza juu ya njia ya miguu, kwa hiyo mwenye nyumba akipumzika juu, mpita njia anapata kivuli na hifadhi ya mvua chini. Maghorofa mapya ya vioo hayatoi hata kipande cha kivuli, na mbele yake njia ya miguu imegeuzwa maegesho. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha kitu kimoja tu kwenye sheria za ujenzi za katikati ya mji, ningerudisha roshani.

Kwenye Sanamu ya Askari hatukai sana. Iliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Ninachotaka watu wabebe kutoka hapo ni jambo moja: wanaokumbukwa ni askari pamoja na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, lakini aliyeko juu na bunduki yenye singe ni askari. Jina la wapagazi liko mbele, huko tunakoelekea. Waingereza waliita jeshi lao la wapagazi Carrier Corps, na kambi yao ndiyo iliyotuachia Kariakoo.

Tunapita Mnara wa Saa, tunashika Barabara ya Uhuru, tunaingia Mnazi Mmoja. Hapa ndipo matembezi yanapokuwa mazito, na ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko kwingine kote. Mtu akiona uwanja mpana namna hii katikati ya mji hudhani kuna mkubwa aliyewapenda wananchi. Ukweli ni mwingine. Wakoloni waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: kanda moja ya nyumba za Kizungu, ya pili ya biashara na makazi ambako Wahindi walikuwa wengi, ya tatu ya nyumba za Waafrika. Wazo la kuwaweka watu mbalimbali lilikuwepo tangu enzi za Wajerumani, na katika miaka ya 1920 Waingereza wakalisimamisha ardhini kwa kuliacha tupu eneo la Mnazi Mmoja kati ya Uhindini na Kariakoo. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kiafya, kwamba magonjwa ya Waafrika yasiwafikie wengine. Uwanja huu, kwa maneno mengine, ulikuwa ukuta usio na matofali.

Mara moja nilikuwa na mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Ilala. Nilipomaliza kueleza alisimama akitazama upande wa Kariakoo, kisha upande wa mjini.

"Sasa mwanangu," akasema, "mimi hapa nimeswali Idi tangu nikiwa mtoto. Mbona hatukuambiwa?"

"Shikamoo mama," nikajikuta nasema tena, kama ndiyo kwanza nakutana naye, "ndiyo maana nawaleta hapa."

Kwa kweli majibu yalikuwa yametolewa na watu wa mji wenyewe, miaka mingi kabla yangu. Uwanja wa kuwatenga waliugeuza wa kukutana. Sala za Idi, Maulidi, mikutano ya hadhara, yote yamefanyika hapa. Mtaa wa Lumumba, ulio kando yake, ndiko ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Nawaacha watu wazunguke peke yao robo saa, kila mmoja ahesabu miti, viti vya kukalia na njia za miguu za upande wa mjini na za upande wa Kariakoo, kisha waje waniambie mpaka ule wa zamani bado unaonekana wapi. Hawakosei. Tunamalizia kwa kahawa chungu na kashata kwa muuza birika wa pembezoni.

Njia ya pili ni ya baiskeli, na huko anayeongoza ni maji.

Niseme kwanza ya vyombo. Naangalia breki, tairi na cheni za kila baiskeli mbele ya mwenyewe, maana upepo wa bahari una chumvi na cheni isiyopakwa mafuta hula kutu ndani ya wiki chache. Mmoja wetu yuko mbele, mmoja mwenye pampu na viraka yuko nyuma, na hakuna anayempita wa mbele wala anayebaki nyuma ya wa nyuma. Tunaondoka saa kumi na mbili kamili siku ya Jumapili, wakati daladala bado chache.

Tunapita Barabara ya Barack Obama, ambayo wengi bado wanaiita Ocean Road, chini ya mivinje, hadi Daraja la Tanzanite. Daraja hili lina urefu wa kilomita moja na ushee na lilifunguliwa mwaka 2022. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi hukusukuma ukielekea ufukwe wa Coco, na wageni wa baiskeli hufurahi mno, wakidhani ni nguvu zao. Kurudi ndiko kuna kazi. Kwa hiyo msimu wa kusi nageuza kundi mapema, kabla jua halijapanda na upepo haujaamka sawasawa.

Katikati ya daraja tunasimama na kutazama bara. Mbele yetu ni Daraja la Salenda, na nyuma yake kijani kizito cha mikoko kwenye mlango wa mto Msimbazi. Mchu ndio unaotoa vidole vya mizizi kutoka kwenye tope, na mlilana hukaa mbele kabisa, unakopigwa na bahari. Kabla sijatangaza tarehe ya safari natazama kwanza majira ya maji. Wakati wa bamvua bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na ukifika maji yamekupwa unaona tope lote liko wazi, yangeyange wanatembea wakila, na unaelewa kwamba mahali hapa si mto tu wala bahari tu. Ukifika maji yamejaa unaona bwawa zuri na vilele vya miti, na nusu ya maelezo yangu inakosa ushahidi.

Nawauliza: mbona hapa, kati ya Upanga na Kinondoni, kwenye ardhi ya bei kubwa namna hii, hakuna maghorofa? Wanatazama maji na kujibu wenyewe.

Msimbazi unatoka vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini hapa. Bonde lake lingekuwa njia ya kijani ndefu kuliko zote mjini, kutoka msituni hadi pwani, na mtu angeweza kuendesha baiskeli kutoka Tabata hadi Upanga bila kukutana na lori. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kulirekebisha bonde, wenye mpango wa kunyanyua barabara pale Jangwani na kutengeneza bustani ya mji katika eneo linalofurika. Nimeisoma michoro na naiunga mkono kwa moyo wote, nikijua pia kwamba bonde lina watu. Mafuriko ya Disemba 2011 yaliua takriban watu arobaini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Njia ya kijani inayopita palipokuwa na sebule ya mtu inadai ielezwe hivyo kwa anayeipita.

Kufika Jangwani tunatumia njia za kando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro. Awamu ya kwanza, kilomita kama 21 kati ya Kimara na mjini, ilianza kubeba abiria Mei 2016 na iliipatia Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Ilijengwa pamoja na njia za miguu na baiskeli, na Jumapili alfajiri unaonja mji ungekuwaje. Siku za kazi zimejaa meza za machinga na bodaboda. Simlaumu machinga, anafuata wateja waliko. Waendesha baiskeli wa chama chao, UWABA, wamedai njia hizi kwa miaka mingi, nami naona dai lao ni la haki: njia ikikatika kila mita mia, mtu hurudi kwenye lami pamoja na magari.

Jangwani penyewe tunashuka kwenye baiskeli na kuzikokota. Kuna vijana wanacheza mpira, kuna matuta ya mchicha, kuna kuta zenye mstari wa tope. Namwomba kila mtu asimame karibu na ukuta aone mstari unamfika wapi mwilini. Kuhusu mchicha nasema wazi kwamba maji ya mto huu yanapokea taka za viwanda na vyoo, kwa hiyo tunasalimia wakulima, tunauliza habari za kazi, na hatununui.

Machi hadi Mei siwapeleki watu huko kabisa, hata mvua ikikatika wiki nzima, maana mvua inayoleta maji Jangwani huwa imenyesha Pugu. Juni, tope likishakauka juu, nakwenda kwanza peke yangu, kwa miguu na fimbo, kuangalia mto umehamia wapi.