Lowassa hakukataliwa na wajumbe wa Mkutano Mkuu

Nafundisha uraia, na kila semina, iwe Mwanjelwa au Tukuyu, lazima mtu asimame aseme wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM ndio waliomkataa Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, asiwe mgombea urais wa chama mwaka 2015. Si kweli. Hawakupewa hata nafasi ya kumkataa, maana jina lake halikufika mbele yao.

Waliorudisha fomu mwaka ule walikuwa 38. Kamati Kuu, kikao cha watu wachache, ikabakiza watano: Magufuli, Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaingia ukumbini, baadhi wakiimba kwamba wana imani na Lowassa, lakini kura walipigia watano hao hao, wakabaki watatu. Mkutano Mkuu ndipo ukapokea majina hayo matatu: Magufuli akapata kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Jina likishakatwa juu, mjumbe wa chini hana pa kulipigia kura hata alipende vipi. Kwa hiyo acheni kuhesabu mabango na misafara! Ulizeni Kamati Kuu inakaa lini na nani wamo ndani. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na bado naulizwa mkoa upi una wajumbe wengi.

Wadhamini, yaani wanachama wanaomsainia mtu fomu, nao si kura. Ni sharti la fomu tu, na ziada yake haimsaidii mtu.

Wengine hudhani anayeongoza raundi ya kwanza ameshapita. Mwaka 1995 Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, ikarudiwa kwa wawili wa juu, na Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Kura zilizokuwa za Msuya ndizo zilizoamua.

Halafu kuna hili la kwamba wajumbe wa mkoa hulazimika kumpa mtu wa kwao. Kura ni ya siri. Profesa Mwandosya wa Rungwe aliingia tatu bora mwaka 2005, akapata 122 tu dhidi ya Kikwete mwenye 1,072 na Salim Ahmed Salim mwenye 476. Nadhani watu huchanganya na Marekani, ambako wajumbe wengi hufungwa na matokeo ya kura za awali za jimbo lao. CCM haina kura za awali za urais zinazomfunga mjumbe.

Wala si kila mara fomu hutangulia. Januari 2025 Mkutano Mkuu ulimpitisha Rais Samia pale pale Dodoma, miezi mingi kabla ya uchaguzi.