Likizo ya uzazi inaisha na mtoto anakataa chupa

Akina mama wengi huja kliniki zikiwa zimebaki siku tatu warudi kazini, na chupa mpya mkobani. Mtoto anaitema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama wa Tanzania siku 84 za likizo, au 100 akijifungua pacha, kwa hiyo mtoto huyu ana kama miezi 3 tu. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Siku tatu ni chache mno. Anza wiki mbili kabla.

Mtoto hana ukaidi. Kwenye titi hupanua kinywa, huvuta, hupumzika, na maziwa humfuata. Chupa humwagika yenyewe, na akipaliwa siku ya kwanza ataiogopa. Tena akisikia harufu yako karibu, kwa nini akubali kitu kingine?

Kwa hiyo mwachie bibi au dada wa nyumbani amlishe, wewe utoke chumbani. Wasimngoje alie kwa njaa. Wamkalishe wima mapajani, wamguse midomo na chuchu ya chupa yenye tundu dogo, waache aipokee mwenyewe. Chupa ilale, isiinuliwe juu, na kila baada ya mafunda machache aachwe apumue. Akilia, waache, wajaribu baadaye. Kumshindisha njaa ili azoee ni kumtesa, nami nasikitika kusikia bado ushauri huo unatolewa.

Wakati mwingine hakubali kabisa. Hapo kuna kikombe, na sisi wahudumu wa afya tunakipenda kuliko chupa, maana shingo ya chupa na chuchu yake huficha mabaki yanayoleta kuhara. Wodini, hata watoto waliozaliwa na uzito mdogo tunawalisha kwa kikombe. Tumia kikombe kidogo, kilichooshwa kwa sabuni na kuchemshwa. Ukingo wake uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu, usimmiminie. Atayalamba kwa ulimi. Mwanzoni yatamwagika kifuani, mwekee kitambaa.

Kwa joto la Dar es Salaam, maziwa yaliyokamuliwa yatumike ndani ya saa 4, au yawekwe kwenye friji mara moja. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, wala usiyachemshe. Yasiongezwe maji wala uji.

Sheria hiyohiyo inakuruhusu kutumia hadi saa 2 za kazi kwa siku kumnyonyesha. Ziombe mapema, usione haya.

Wengine hunywa kidogo mchana, kisha hunyonya usiku kucha. Ni kawaida, mnyonyeshe. Lakini akikojoa mara chache kuliko kawaida, akilegea, au akikataa hata titi, mlete kituoni siku hiyohiyo.